Kaingia Mitini, Lakini Bado ni Baba!

Kama unaishi hapa Tunduma, haya maneno umeshayasikia, au umesimuliwa na shoga yako: "Hiyo mimba si yangu, katafute mwenyewe." Akishasema hivyo jamaa anawasha lori, anavuka upande wa Nakonde, na simu haipatikani tena. Kaingia mitini.

Si madereva peke yao, tusiwaonee. Wapo wenye maduka, wapo wanaobadilisha kwacha, wapo na vijana wenzetu tunaoshinda nao kijiweni. Ila mji wetu uko njiani. Mizigo ya bandari ya Dar es Salaam inayokwenda Zambia na Kongo inapita hapa, na mtu anaweza kulala siku kadhaa akingoja karatasi zake. Mapenzi ya foleni hayo! Foleni ikisogea, na yenyewe yanasogea.

Kijiweni utawasikia washikaji wakijipa moyo: sijatoa mahari, sijafunga ndoa, mtoto ni wa mama yake na babu yake. Thubutu! Zamani kidogo wangeweza kutamba. Sheria ya enzi za mkoloni ilimruhusu hakimu kumtoza baba wa mtoto wa nje ya ndoa kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi 100! Leo hata nauli ya bodaboda kwenda Mpemba haitoshi. Na sheria hiyo ilidumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Hii ya sasa haimuulizi mwanaume kama alioa. Inauliza kama ni mzazi. Mahakama ikisharidhika kwamba ndiye, anabeba wajibu uleule wa baba aliyezaa ndani ya ndoa: chakula, mahali pa kulala, mavazi, matibabu, shule. Hata nafasi ya kucheza imeandikwa mle kuwa ni haki ya mtoto.

Atathibitishwaje? Jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa ni ushahidi. Kama alifanya sherehe ya kimila ya kumpokea mtoto, huo nao ni ushahidi, sawa na kumtangaza mbele za watu kwamba ni wake. Halafu kuna DNA, ambayo haina ujanja: nusu ya vinasaba vya mtoto ni vya mama, nusu ni vya baba. Na wewe kaka unayedhani utagoma kupimwa, kugoma kwenyewe mahakama inaweza kukuhesabia.

Kipimo hicho lakini huendi kukiomba mwenyewe kama unapima malaria. Kinafanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi linapitia kwa wanaoruhusiwa, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Huyu wa ustawi yupo halmashauri, na mimi ningeanzia kwake kabla ya kumkimbilia mtu yeyote. Dada unayetaka kumsingizia mwenye hela na wewe jiangalie, maana kipimo kinakata pande zote mbili.

Tatizo letu hapa mpakani si sheria, ni kumpata mtu. Binti anazaa, ukimuuliza baba wa mtoto anaitwa nani, anakutajia jina la utani. Utamwita mahakamani kwa jina la utani? Mjue jina kamili, kampuni anayoendeshea, namba ya gari, kwao ni wapi. Meseji za hela ya kliniki usizifute hata kama umechukia.

Na muda haujakwisha kwa sababu tu mtoto ameanza shule. Ombi linaweza kupelekwa hata kabla hajazaliwa, na mlango uko wazi mpaka atimize miaka 18. Akishavuka hapo, kwa ruhusa ya mahakama. Hata baba akifa njiani huko, sheria inatoa miaka 3 tangu kifo chake.