Uteuzi wa Chaja ya Betri za Helikopta za Kuchezea katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, helikopta ya kuchezea inayoongozwa kwa rimoti si kioja tena. Mnunuzi wa kawaida hufungua sanduku, akahakikisha kwamba mapanga yanazunguka, kisha akalipa. Chaja haiulizwi. Hata hivyo, ni chaja hiyo inayochangia pakubwa kuamua iwapo chombo kitaruka hadi Pasaka au kitageuka takataka kabla ya shule kufunguliwa. Aidha, katika nyumba ya chumba kimoja ambamo kitanda, jiko na vitabu vya watoto vimetenganishwa kwa pazia tu, chaja isiyofaa inaweza kuzua moto. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyazingatia.

Kabla ya kuizungumzia chaja, ni sharti betri yenyewe ifahamike. Vyombo vya kuchezea vya zamani vilitumia sana betri za nikeli-kadimiamu, aina iliyobuniwa na Waldemar Jungner wa Uswidi mnamo 1899. Betri hizo ni nzito, lakini ni vumilivu. Helikopta, kwa kuwa hulazimika kuuinua uzito wake yenyewe, huhitaji betri nyepesi, na ndiyo sababu helikopta ndogo za leo hutumia lithiamu. Betri za ayoni za lithiamu ziliingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991. Seli moja ya aina inayotumiwa sana katika helikopta hizi hutajwa kuwa ya volti 3.7, ikijaa hufika volti 4.2, na haifai kushuka chini ya volti 3. Ikizidishiwa hapo juu, huvimba, na huweza kuwaka. Wakazi wengi wa Nairobi husema kwamba simu "imeisha moto" wakimaanisha chaji. Kwa lithiamu, sitiari hiyo imekaribia mno ukweli.

Nambari mbili ndizo za msingi katika kuchagua chaja: volti na mkondo. Mfano wa maji utafaa hapa, maana ni wachache Eastlands wasiojua kujaza mtungi. Volti ni kama kimo cha tangi lililo juu ya paa. Mkondo ni wingi wa maji yanayopita bombani. Kimo kikizidi, mtungi hupasuka hata kama bomba ni jembamba. Kwa hiyo volti haina mjadala: chaja ya seli moja ya lithiamu lazima ikomee volti 4.2. Mkondo nao hukadiriwa kutokana na ujazo ulioandikwa kwenye betri. Betri ya mili-ampea-saa 180 huchajiwa kwa mili-ampea zisizozidi 180, isipokuwa mtengenezaji awe ameruhusu zaidi, na hujaa kwa muda wa saa moja na ushei.

Helikopta nyingi ndogo huja na waya wa USB wenye saketi ndogo ya kudhibiti chaji. Huo ukiwa ni wa asili na mzima, hakuna haja ya kutafuta kingine. Wapo wanaohofia kuuchomeka kwenye adapta ya simu ya ampea 2 wakidhani kwamba ampea zote zitaingia betrini. Hofu hiyo haina msingi iwapo saketi ni nzima, kwa sababu adapta hutoa kile kinachovutwa tu. Hatari iko kwingine: waya ukikatika, fundi anaweza kuunganisha betri moja kwa moja na volti 5 za adapta. Betri itaonekana kujaa haraka, na mwenye helikopta atashukuru, ilhali mpaka wa volti 4.2 umekwisha kuvukwa.

Fundi mwangalifu hutumia kibao cha TP4056, ambacho hukomesha chaji kwenye volti 4.2. Hapa pia pana mtego ambao haujulikani sana. Vibao hivi kwa kawaida huuzwa vikiwa vimepangwa kutoa mili-ampea 1,000, kiasi ambacho ni zaidi ya mara tano ya kinachofaa betri ya 180. Mkondo huo hupangwa na kizuizi kimoja cha omu 1,200. Kikibadilishwa na cha omu 10,000, mkondo hushuka hadi mili-ampea 130. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kujua kulehemu, lakini mteja asipouliza, huenda isifanywe.

Baadhi ya helikopta huchajiwa kutoka kwenye rimoti yenyewe, yenye betri kavu sita. Utaratibu huu unafaa umeme unapopotea, kama ilivyotokea nchini kote Agosti 2023, ila ni ghali: betri kavu huisha upesi, na mzazi hujikuta akinunua nyingine kila wiki. Helikopta kubwa zaidi huwa na seli mbili, yaani volti 7.4, pamoja na kiunganishi chembamba cha nyaya tatu. Hizo zinahitaji chaja inayosawazisha seli, ili moja isijae kupita kiasi huku mwenzake ikibaki nyuma. Chaja ya nikeli isitumiwe kwa lithiamu kamwe, hata kama plagi zinaingiliana.

Suala la plagi si dogo. Soketi za Kenya ni za matundu matatu bapa, kama za Uingereza, lakini chaja nyingi za bei nafuu zina miguu miwili ya mviringo. Mtoto huchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili kufungua yale mengine. Tundu hilo ni la waya wa ardhini. Hata hivyo, mtoto aliyezoea kuchomeka kalamu kwenye soketi hachagui tundu. Adapta yenye fyuzi ni gharama ndogo, na yafaa ihesabiwe pamoja na bei ya helikopta.

Betri iliyotoka kuruka iachwe ipoe kwanza, kisha ichajiwe sakafuni kwenye saruji, mbali na godoro na pazia, mchana mtu akiwapo. Iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa. Isitupwe pia pamoja na taka za jikoni, kwa kuwa sehemu kubwa ya taka za Nairobi huishia katika jaa la Dandora, ambako watu huzichambua kwa mikono mitupu. Ihifadhiwe ndani ya mkebe wenye mchanga mkavu hadi ifikishwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki.