Gari la Kikundi: Je, Kiti cha Magurudumu Kitaingia?

Ndugu wanakikundi, pesa za gari zikishatimia wengi wetu huuliza mambo mawili tu: bei ni ngapi, na injini ikoje. Lakini ikiwa kikundini kuna mwenzenu anayetumia kiti cha magurudumu, msiende kwa muuzaji kabla hamjapima. Na anayepimwa kwanza ni yeye, si gari.

Akae kwenye kiti chake kama kawaida. Pimeni kutoka chini hadi utosini, halafu upana wa kiti, halafu urefu kutoka gurudumu la nyuma hadi ncha ya vidole vya miguu. Andikeni. Mtu mzima aliyekaa hivyo mara nyingi hufika sentimita 130 au zaidi, na milango ya magari mengi ni mifupi kuliko hapo. Ndiyo maana utaona mtu anainamishwa shingo kila safari, ati "jikunje kidogo tu." Siku ya kuliona gari aende mwenyewe alijaribu, asichaguliwe na wengine.

Kama anaweza kujihamisha kutoka kitini, au kusaidiwa na mtu mmoja, huenda hamhitaji gari la pekee. Gari dogo ambalo mlango wake hufunguka sana, kiti chake kiko karibu usawa na kile cha magurudumu, na buti inameza kiti kilichokunjwa, latosha.

Asipoweza, yapo magari ya mitumba kutoka Japani yaliyotengenezwa kwa kazi hii, kama Toyota Noah na Hiace. Mengine yana ubao wa mteremko nyuma, mengine lifti ya umeme. Yale ya ubao mara nyingi sakafu yake ya nyuma imeshushwa. Kwa lami ni mazuri sana, lakini kwa barabara zetu za mawe na mitaro, hiyo sakafu itakwaruza. Ya lifti hukaa juu zaidi, ila lifti ni nzito, na ikikwama, mtu amebaki hewani. Ulizeni kama yaweza kushushwa kwa mkono, na muonyeshwe, si kuambiwa. Tena gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa Kenya.

Wengine husema, tununue matatu kuukuu, fundi wa jua kali atuchomelee ubao. Haya, tufanye hesabu. Sakafu ikiwa sentimita 60 kutoka chini, ubao wa mita 1.2 ni mkali kama paa la nyumba. Wa mita 2.4 bado wataka watu wawili wenye nguvu. Wa mita 3.6 ni nafuu, lakini nani ataubeba? Afadhali mjenge jukwaa la mawe na udongo pale nyumbani, na jingine kule zahanati, gari lirudi nyuma hadi liguse. Hapo ubao mfupi unatosha.

Sasa mikanda, ambayo watu huisahau kabisa. Kiti hufungwa kwa mikanda 4, miwili mbele na miwili nyuma, ikishikiliwa na chuma imara cha sakafuni. Mtu naye ana mkanda wake, wa kiunoni na begani. Atazame mbele, asikae ubavu. Breki za kiti hazitoshi, na mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda haifai hata kidogo, maana dereva akikanyaga breki ghafla, kiti na mtu vitaruka pamoja. Gari lenye ubao mzuri lakini halina mahali pa mikanda, liacheni.

Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba kusamehewa ushuru wa gari lake. Nendeni Barazani mkaulize masharti kabla ya kuagiza, kwa sababu gari likishafika Mombasa, gharama za bandari haziwangojei.