Matari Wanayaona, Vitabu Hawavioni

Kila Mfungo Sita ukifika, Lamu hujaa wageni. Huja na kamera zao kutazama Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, matari yakilia na vijana wa kanzu nyeupe wakiyumba safu kwa safu. Wakirudi makwao huandika kwamba Uislamu wa pwani ni wa ngoma na mahaba tu, sheria haina nafasi. Upande wa pili wako vijana wetu wenyewe, waliosoma ng'ambo wakarudi na shahada, nao husema lile lile kwa ukali: hawa ni watu wa dhikri, elimu hawana. Yote mawili yanikera, na la pili hunikera zaidi, maana mgeni ana udhuru.

Ni kweli Habib Swaleh, mwanzilishi wa Riyadha, mzaliwa wa Ngazija aliyefariki Lamu mwaka 1935, aliyapa matari heshima msikitini. Lakini Riyadha ilikuwa chuo kabla ya kuwa tamasha. Ilisomesha fikihi, nahau na tafsiri, na ikawapokea hata watu ambao mji ulikuwa umewafungia mlango wa elimu, wakiwemo wazao wa watumwa.

Darsa yenyewe ina utaratibu wake. Baada ya sala ya magharibi watu hawatoki. Hujisogeza mkekani, mchuuzi wa samaki bega kwa bega na mtoto wa sharifu. Sheikh huegemea nguzo, kitabu juu ya marufaa. Mwanafunzi husoma Kiarabu kipande kwa kipande, na sheikh hufasiri papo hapo: "Amesema mtunzi, Mwenyezi Mungu amrehemu..." Msomaji akikosea irabu ya mwisho, hakaripiwi. Sheikh hugonga marufaa kwa kidole, naye hurudi nyuma mpaka aipate. Wenye vitabu huandika maana pembeni kwa kalamu ya risasi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Adhana ya isha ikisikika, uzi huwekwa pale waliposimama, husomwa Fatiha, na kesho huanzia hapo hapo.

Sasa tazama kinachosomwa. Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni tegemeo la madhehebu yetu ya Shafi. Huanza na tohara na sala, ikapita zaka na hija, kisha ikaingia sokoni: mauzo, rehani, ushirika, na kiradhi, yaani mmoja kutoa mtaji na mwingine kuuzungusha, faida wakagawana. Hapo ndipo wavuvi huinua vichwa. Samaki aliye majini bado hauziki, kwa kuwa muuzaji hana la kumkabidhi mnunuzi. Basi huzuka swali: na aliyekopeshwa nyavu na tajiri, kwa sharti kwamba samaki wote amuuzie yeye kwa bei ya chini? Sheikh hujibu kwamba mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa ni riba. Nimewaona matajiri wa mashua wakiaga mapema siku hiyo.

Mbele zaidi, kwenye mlango wa waasi, kitabu hicho hicho hutaja sharti za mtawala. Tena humtaka asiwapige walioasi kabla ya kuwatumia mtu mwaminifu na mwenye akili, awaulize wanachochukia. Wakitaja dhuluma, aiondoe. Hiyo si siasa? Na Ihyaa ya Ghazali, ambayo husemwa ni kitabu cha Masufi basi, ina sehemu nzima ya adabu za kuchuma na kufanya biashara.

Waliosoma hivyo waliishi hivyo. Sayyid Ahmad bin Sumayt alikuwa mtu wa twarika ya Alawiya na kadhi wa Unguja, na miaka ya 1880 alifika Istanbul kwa Sultani Abdulhamid. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisomesha Ukutani, Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Kwao alisoma Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akakemea desturi nyingi za pwani. Wanaomnukuu leo dhidi ya Masharifu wakumbuke alikalia mkeka wa nani.

Ziara za makaburi na vyakula vya hitima sitavitetea hapa, vina wenyewe.

Kinachonisikitisha ni kwamba vitabu havihitimishwi tena. Zamani kitabu kikubwa kilichukua miaka, na siku ya kukimaliza watu walikula pamoja, mwanafunzi akapewa ijaza yenye majina ya walimu wa mwalimu wake. Leo kijana hupata hukumu kwenye simu kwa dakika mbili, bila kujua imetoka mlango gani.

Darsa ililishwa na wakfu: minazi, nyumba, kodi za maduka. Unguja, serikali ya kikoloni iliziweka wakfu chini ya kamisheni mwaka 1905, lakini tusimsingizie mkoloni kila kitu. Msikiti ninaoujua mimi, kodi ya maduka yake hununua zulia na feni, na sheikh wetu mchana huuza vipuri vya pikipiki. Juzi kamati ilitangaza inatafuta mfadhili wa taa za Maulidi. Nikauliza posho ya mwalimu imo kwenye bajeti ipi. Nikajibiwa kwamba mwalimu husomesha kwa ajili ya Mungu. Fundi wa taa, kwa hesabu niliyoonyeshwa, ataka nusu yake mbele.