Je, Tumtoge Mtoto Masikio?

Tuseme nyumbani kwako amezaliwa mtoto wa kike. Arobaini haijafika. Bibi yake amekuja kumwona. Amempakata, amemtazama, amemsifu. Kisha anauliza, "Huyu mbona hajatogwa?" Jirani anadakia kwamba mtoto atogwe angali mchanga, kwa sababu mchanga hasikii uchungu. Kesho yake asubuhi shangazi anafika na sindano ya kushonea na uzi mweusi.

Wewe utasema nini? Ukikataa, utaonekana unadharau wakubwa. Ukikubali, mwanao ndiye atakayebeba lolote litakalotokea. Jambo hili linafaa kuzungumzwa mapema, baba na mama pamoja, kabla sindano haijafika mlangoni.

Kutoga masikio ni desturi ya zamani. Wanawake wa pwani walivaa majasi katika ndewe, yaani ile nyama laini iliyo chini ya sikio. Wamasai na Wagogo walitoga ndewe na kuzipanua, wanaume kwa wanawake. Wahindu wana sherehe yao ya kumtoga mtoto, awe wa kike au wa kiume. Wako pia wasiotoga. Wasabato wengi hawavai mapambo. Kwa Waislamu, wanazuoni wengine wameruhusu mtoto wa kike atogwe, na wengine, kama al-Ghazali, hawakulipenda jambo hilo. Basi asikuambie mtu kwamba mtoto asiyetogwa ana upungufu. Sikio lisilo na tundu linasikia sawa na lenye tundu. Tunatoga kwa ajili ya pambo na desturi, si kwa ajili ya afya. Hata hivyo pambo si jambo la kudharau. Mama aliyechoka kuulizwa kila siku, "Huyu wa kiume?" ana sababu yake.

Sasa tuyaangalie maneno ya jirani. Je, ni kweli kwamba mtoto mchanga hasikii uchungu? Si kweli. Zamani hata madaktari wengi waliamini hivyo. Mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga waliweza kupasuliwa hospitalini bila dawa ya kutosha ya kuzuia maumivu. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba wanaumia kama sisi. Mtoto mchanga husahau, lakini kusahau si kutoumia.

Hata hivyo uchungu wa sindano si hatari kubwa. Hupita. Hatari kubwa ni kile kinachoingia pamoja na sindano.

Kwanza kuna pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo, katika vumbi na katika kinyesi cha wanyama. Huingia mwilini kwa njia ya kidonda, hata kidonda kidogo kama tundu la sikio. Mtoto wa wiki mbili au tatu bado hajachanjwa kuvikinga. Kama mama yake alichanjwa alipokuwa mjamzito, mtoto huzaliwa akiwa na kinga kidogo aliyopewa na mama, nayo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Watu wengine hupaka tundu majivu au samadi ili likauke. Kufanya hivyo ni kuvipeleka vijidudu mahali vinapopataka.

Labda utasema, "Sindano yetu tunaichemsha." Kuchemsha ni bora kuliko kutochemsha. Maji yanayochemka sawasawa huua virusi vya Ukimwi. Lakini kijidudu cha pepopunda hujitengenezea ganda gumu, na katika ganda hilo kinaweza kuvumilia maji ya moto. Hospitalini vifaa hutiwa katika chombo chenye mvuke wa nguvu, ambao ni mkali kuliko maji yanayochemka jikoni. Na kuishika sindano juu ya mshumaa ni kuipaka masizi tu.

Pili, kuna magonjwa ya damu. Sindano ya shangazi imeshatoga wangapi? Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu kwa siku 7. Damu yenyewe inaweza kuwa kidogo hata usiione kwa macho. Kwa hiyo sindano ya kutogea mtoto iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, itumike kwa mtoto mmoja, kisha itupwe. Mjini kuna wanaotoga kwa chombo mfano wa bastola. Vingi ni vya plastiki na haviwezi kutiwa katika mvuke ule mkali. Kwenda mjini peke yake si usalama.

Basi, ni wakati gani unaofaa? Chukua kadi ya kliniki ya mtoto wako. Sasa unajua kusoma, isome mwenyewe. Tafuta chanjo inayokinga pepopunda, donda koo, kifaduro na homa ya ini. Hutolewa mara tatu: mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Asitogwe kabla ya kumaliza zote tatu. Akifika hapo anakuwa na kinga yake mwenyewe, na mwili wake umepata nguvu kidogo.

Wengine husema tungoje zaidi, mpaka mtoto mwenyewe aseme anataka. Mimi naegemea upande huo. Sikio ni lake. Msichana wa miaka 8 au 9 anaweza kuambiwa asiliguseguse tundu, naye akaelewa. Anaweza kusema linapomuuma. Mtoto wa miezi minne hulia tu, na mama hajui kama ni njaa au ni sikio. Lakini sitagombana na mzazi aliyengoja chanjo na kumtoga mtoto wake kwa usafi.

Kuna jambo moja linaloweza kubadili hesabu hii. Watu wengine wakipata jeraha, kovu halitulii. Huvimba, hukua, likawa kama zabibu au hata kubwa kuliko tundu lenyewe. Hali hii huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, tena huenda kwa ukoo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliona kwamba waliotogwa wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata makovu hayo kuliko waliotogwa kabla ya umri huo. Kwa hiyo waangalie mama, baba, bibi na shangazi. Kama makovu ya kuvimba yapo katika ukoo, ushauri wangu ni kutotoga kabisa. Kovu la namna hiyo ni gumu kuliondoa, na likikatwa mara nyingi hurudi. Kama makovu hayo hayapo lakini mmeamua kungoja, msingoje mpaka apite miaka 10.

Mtoto anayesoma shule atogwe mwanzoni mwa likizo ndefu. Shule nyingi haziruhusu hereni, na tundu jipya likiachwa wazi huziba.

Mkiamua kutoga, nendeni kwa mganga wa zahanati au muuguzi, mkamuulize kama anaifanya kazi hiyo na kwa kifaa gani. Itogwe ndewe tu. Sehemu ngumu ya juu ya sikio iacheni. Huko damu ni chache, kidonda hukawia kupona, na kikiingia usaha sikio linaweza kupinda umbo maisha yote.

Hereni ya kwanza iwe ndogo, bapa, isiyoning'inia. Pete kubwa huvutwa na vidole vya mtoto, hunasa katika kanga anapobebwa mgongoni, na ndewe huchanika. Jihadharini na hereni za bei rahisi zinazong'aa sana. Nyingi zimechanganywa na madini yaitwayo nikeli. Mtu akishakataliwa na nikeli, ngozi yake huwasha na kutoa maji kila anapoigusa, na huwa hivyo miaka mingi, hata kwa saa ya mkononi au kifungo cha suruali. Nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1994 kuzuia hereni zinazotoa nikeli nyingi. Dhahabu safi haina shida hiyo. Kama fedha haitoshi sasa, ni afadhali kungoja mavuno kuliko kununua kitakachomuunguza.

Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8. Katika muda huo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa sikio. Lisafishe mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kitambaa safi. Usipake majivu, samadi, wala mafuta yaliyokaa jikoni. Angalia pia kifungio cha nyuma kisibane, kwa sababu sikio huvimba kidogo na kifungio kinaweza kuzama ndani ya nyama. Sikio likiwa jekundu, la moto, likitoa usaha, au mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Na hili ulishike zaidi ya yote. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri akishindwa kufungua kinywa, taya likakaza, mwili ukakakamaa hasa anaposhtuliwa na sauti au mwanga, hiyo inaweza kuwa pepopunda. Wengi huiita degedege au shetani, wakaanza kutafuta wa kumpunga. Saa zinapotea. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Dalili hizi zinaweza kuanza siku 3 baada ya jeraha, na zinaweza kukawia hadi siku 21, wakati mmeshasahau habari ya sindano. Mwambieni mganga kwamba mtoto alitogwa, na siku gani.

Tumebaki na shangazi, ameketi na sindano yake. Usimfukuze. Mpe kiti na chai. Mwambie, "Shangazi, hatujakataa. Tunangoja sindano za kliniki ziishe." Mwonyeshe kadi. Kama hajui kusoma, msomee, halafu mhesabu pamoja wiki zilizobaki.