Laptopu ya Zamani, Diski Mpya (Sehemu ya Pili): Umbo, Njia na Lugha

Laptopu ya mwaka 2012 au 2014 inayochukua dakika mbili tatu kabla ya kuwa tayari kwa kazi, mara nyingi haina ugonjwa wa prosesa. Prosesa haichakai kwa kutumika kama tairi linavyochakaa. Kinachoirudisha nyuma ni diski kuu ya kuzunguka, ambayo, ukiacha feni na kisomea CD, ndiyo sehemu pekee ndani ya kasha lile inayofanya kazi kwa kujongea.

Ndani ya diski ya aina hiyo mna sahani moja au mbili, ambazo kwa laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaobeba kichwa cha kusomea. Kila kompyuta inapotaka kipande cha data, mkono husogea hadi kwenye mstari unaohusika, kisha kichwa husubiri sahani ikifikishe kipande hicho chini yake. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11, kwa hiyo kusubiri kwa wastani ni milisekunde 5.5, mkono nao huchukua kama 12 kusogea. Jumla ni milisekunde 17 na ushei kwa ombi moja, yaani maombi 60 hivi kwa sekunde. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Ndipo taa ya diski humetameta bila kukoma na mwenye kazi akabaki kukodolea macho kioo.

Diski mpya, yaani SSD, haina sahani wala mkono. Data hukaa kama chaji ya umeme ndani ya chipsi za flash za aina ya NAND, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba, Japani, na kutangazwa mwaka 1987. Kipande chochote, popote kilipo, hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Nafuu inayoonekana kwa macho hutokana zaidi na kasi hiyo ya kuitika kuliko idadi ya megabaiti kwa sekunde inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza RAM. RAM na diski zisichanganywe: RAM ni meza ya kufanyia kazi, diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo mno, kompyuta hulazimika kupanga kazi kabatini kila mara, na hapo SSD hupunguza adha bila kuiondoa.

Mambo matatu ya kuyajua kabla ya kununua

Diski ya kampuni nyingine hukubaliana na laptopu pale mambo matatu yanapolingana: umbo, njia na lugha. Likikosekana moja, fedha imepotea.

Umbo ni vipimo vya diski na kiunganishi chake. Laptopu nyingi za kabla ya 2015 zina nafasi ya diski ya inchi 2.5. Hapa cha kuangaliwa ni unene: diski za zamani nyingi zina milimita 9.5, ilhali SSD nyingi zina milimita 7. SSD nyembamba ikiingia kwenye nafasi pana, hujaziwa fremu ndogo ya plastiki ili isitikisike. Kinyume chake hakiwezekani; Lenovo ThinkPad X220 ya mwaka 2011, kwa mfano, hupokea diski ya milimita 7 tu. Laptopu za baadaye hutumia kipande chembamba mfano wa ubapa wa pipi ya chingamu, kiitwacho M.2. Namba 2280 iliyoandikwa juu yake ina maana kwamba upana ni milimita 22 na urefu milimita 80.

Njia ni barabara ambayo data hupitia. Ya kwanza ni SATA. SATA ya pili hupitisha kwa kiwango cha juu megabaiti 300 kwa sekunde, ya tatu 600. Njia ya pili ni PCIe, ambayo huenda kwa mistari: mstari mmoja wa PCIe 2.0 hupitisha megabaiti 500 kwa sekunde, na wa PCIe 3.0 karibu mara mbili ya hapo.

Lugha ni utaratibu ambao mfumo endeshi hutumia kuzungumza na diski. AHCI ilitungwa mwaka 2004 kwa ajili ya diski za kuzunguka. Ina foleni moja tu ya maombi 32. NVMe, iliyotolewa mwaka 2011, ilitungwa kwa ajili ya flash, na inaruhusu maelfu ya foleni kwa wakati mmoja. Laptopu ambayo programu yake ya kuwashia haijui NVMe haiwezi kuwaka kutoka kwenye diski ya NVMe, hata kama diski hiyo ni nzima kabisa.

Mtego mkubwa uko kwenye M.2, kwa sababu umbo moja hubeba njia mbili. Diski ya M.2 ya SATA na ile ya NVMe hufanana kama mapacha. Dalili iko kwenye meno ya dhahabu: ya SATA kwa kawaida ina mapengo mawili, ya NVMe ina moja. Katika soketi nyingine diski isiyo yake huingia vizuri, skrubu ikakaza, na bado kompyuta isione kitu. Dawa ni kusoma mwongozo wa laptopu husika kwa namba kamili ya modeli, iliyo kwenye kibandiko cha chini, kabla ya kwenda dukani.

Mifano miwili ya Apple

MacBook Pro ya inchi 13 iliyotoka katikati ya 2012 ni mfano wa kazi nyepesi. Umbo lake ni inchi 2.5, njia ni SATA ya tatu, na lugha ni AHCI. Kifuniko cha chini kina skrubu kumi za kawaida: tatu ndefu, saba fupi. Zinapofunguliwa hupangwa juu ya karatasi kwa mchoro ule ule zilivyokaa, ili ndefu isirudishwe kwenye tundu la fupi. Baada ya kuchomoa plagi ya betri, kishikizo cha diski hufunguliwa kwa skrubu mbili, na diski huinuliwa taratibu, kwa kuwa chini yake imeshikwa na waya bapa mwembamba. Pembeni mwa diski ya zamani mna vijiti vinne vya skrubu, ambavyo hufunguliwa kwa bisibisi ya Torx T6 na kuhamishiwa kwenye diski mpya. Anayesahau vijiti hivyo huacha diski mpya ikining'inia.

Waya ule bapa una tabia ya kuharibika kwa umri. Dalili zake hufanana na za diski mbovu: kompyuta hukwama, nakala hukatika njiani, diski hutoweka na kurudi. SSD mpya inayosumbua ndani ya modeli hii lakini ikafanya kazi vizuri kupitia kasha la USB haina kosa. Waya ndio wa kubadilishwa.

MacBook Air za kuanzia 2013 hadi 2017 ni mfano wa kazi yenye mashaka. Diski yake inafanana na M.2, lakini kiunganishi ni cha Apple yenyewe, na diski za awali zilizokuja nazo zilitumia PCIe kwa lugha ya AHCI. Njia ya bei nafuu ni adapta ndogo inayogeuza soketi hiyo ipokee M.2 ya NVMe. Umbo na njia vikishapatanishwa na adapta, hubaki lugha. Ni kuanzia macOS High Sierra, iliyotolewa Septemba 2017, ambapo mashine hizi zilianza kutambua NVMe za kampuni nyingine. High Sierra, au toleo la baada yake, husakinishwa kwanza diski ya zamani ikiwa bado ndani, kwa sababu usakinishaji huo ndio unaosasisha programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mkuu. Fundi anayechomoa diski ya zamani kabla ya hatua hiyo hukutana na kioo chenye alama ya kuuliza.

Ufunguzi wake wahitaji bisibisi mbili maalumu: P5, yenye ncha ya petali tano, kwa skrubu kumi za kifuniko, na Torx T5 kwa skrubu moja ya diski. Modeli za 2013 na 2014 zina udhaifu mwingine: zikilala muda mrefu huweza kushindwa kuamka zikiwa na NVMe, na wengi huzima usingizi mzito kwa amri ya pmset. Zaidi ya hayo, njia ya modeli hizo mbili ni mistari miwili tu ya PCIe 2.0, yaani megabaiti 1,000 kwa sekunde kwa hesabu ya juu. Diski inayotangazwa kufikia 3,500 itakwenda kwa kasi ya barabara iliyopo. Ya bei ya chini inatosha.

MacBook Air zilizoanza kutoka mwaka 2018 zina chipsi za hifadhi zilizolehemewa kwenye ubao mkuu, na mlango wa mabadiliko ya aina hii umefungwa.

Kuchagua na kukagua diski

Kwa matumizi ya ofisi na masomo, GB 250 hutosha. Anayehifadhi picha na video huhitaji 500 au zaidi. Windows itaonyesha diski ya GB 500 kuwa na 465, na huo si wizi: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Wengi huogopa kwamba flash huchakaa kwa kuandikwa. Ni kweli huchakaa, lakini hesabu hutuliza. Samsung 870 EVO ya GB 500 ina dhamana ya miaka mitano au terabaiti 300 za kuandikwa, chochote kitakachotangulia. Anayeandika GB 20 kila siku angehitaji siku 15,000, zaidi ya miaka 40, kufikia kiwango hicho.

Hatari iliyo karibu zaidi ni bidhaa bandia. Diski ya terabaiti mbili inayouzwa kwa bei ya kutupa huweza kuwa kasha lenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani, iliyochezewa ili itaje ukubwa isiokuwa nao. Huonekana nzima hadi nafasi halisi ijae, kisha huanza kufuta data ya mwanzo kimyakimya. Programu za bure H2testw na F3 huijaza diski nzima na kuisoma tena, na hufichua udanganyifu huo. Ukaguzi huu hufanywa kabla ya data yoyote kuhamishwa, na ni wa lazima kwa kinachonunuliwa bila risiti, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au mtandaoni.

Kuhamisha data

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima kama ilivyo, diski mpya ikiwa imechomekwa nje kwa kasha la USB. Clonezilla hufanya kazi hiyo bila malipo, na Carbon Copy Cloner ni mashuhuri kwa watumiaji wa Mac. Diski ya Windows iliyofungwa kwa BitLocker husimamishwa ulinzi kwanza, na ufunguo wake wa dharura huandikwa mahali salama. Ya pili ni kusakinisha mfumo upya kisha kurudisha mafaili peke yake. Huchukua muda zaidi, lakini huacha nyuma takataka za miaka na virusi vilivyojificha. Kwa vyovyote, nakala rudufu ya mafaili muhimu hukaa kwenye kifaa cha tatu kabla bisibisi haijaguswa.

Diski ya zamani ikiwa imeanza kugonga au kukwama, mafaili muhimu hutolewa kwanza. Kulazimisha nakala ya diski nzima huweza kuimaliza nguvu zilizobaki.

Baada ya kufunga

Diski mpya isipoonekana, ukaguzi huanza kwenye mipangilio ya BIOS: SATA iwekwe kwenye AHCI badala ya IDE. Windows iliyosakinishwa chini ya IDE huweza kugoma kuwaka mpangilio ukibadilishwa ghafla, kwa hiyo usakinishaji mpya ndio ulio salama. Kwenye Mac, diski tupu huonekana katika Disk Utility pale tu inapoamriwa kuonyesha vifaa vyote. Hapo hupangwa kwa GUID kabla ya kusakinishwa mfumo.

Jambo la mwisho la kitaalamu ni TRIM. Flash huandikwa kwa kurasa ndogo, lakini hufutwa kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi, na ukurasa ulioandikwa hauandikwi tena mpaka bloku yake isafishwe. TRIM huiambia diski ni kurasa zipi ambazo mwenyewe ameshazifuta, ili usafi ufanyike wakati kompyuta imepumzika. Bila hiyo, diski hupungua kasi kadiri inavyojaa. Windows 7 na matoleo yaliyofuata huiwasha yenyewe. Kwenye Mac yenye SSD ya SATA ya kampuni nyingine huwashwa kwa amri ya trimforce, iliyokuja na toleo la 10.10.4 mwaka 2015.

Diski ya zamani haifutwi siku hiyo hiyo. Huwekwa kando wiki mbili tatu, mpaka ithibitike kwamba hakuna faili lililosahaulika. Baada ya hapo, ikiwa bado nzima, huingizwa kwenye kasha la USB na kuwa ghala la nakala rudufu, kazi ambayo ucheleweshaji wake haumkeri mtu. Ikiwa itauzwa, kuiformati haraka hakutoshi, kwani njia hiyo hufuta orodha ya mafaili na kuyaacha mafaili yenyewe kwenye sahani; sharti iandikwe juu yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa programu ya kufutia.