Vitamu Bandia, Sehemu ya Nne: Magendo ya Sakarini

Novemba 2024 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, yenye makao yake mjini Parma, Italia, ilitangaza kwamba sakarini haina hatari kama ilivyohofiwa. Kiwango ambacho mtu anaweza kutumia kila siku, maisha yake yote, kilipandishwa kutoka miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili hadi miligramu 9. Mkoani Songwe habari hiyo ilipita bila kugonga hodi. Mwaka ule tulikuwa na habari yetu ya utamu iliyotuuma zaidi: mvua za El Niño zilikuwa zimezuia uvunaji wa miwa, Bodi ya Sukari ikatangaza bei kikomo ya kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, madukani watu wakauziwa kwa 4,000 na kuendelea, na ilipofika Juni waheshimiwa wakatoleana macho Bungeni juu ya vibali vya kuagiza sukari nje.

Kwangu habari hizo mbili ni moja. Habari za kongosho, insulini na jinsi ulimi unavyodanganywa tulizimaliza katika sehemu tatu zilizopita, sitazirudia. Leo nataka kuonyesha kwamba sakarini, mkongwe wa vitamu bandia vyote, imepandishwa na kushushwa cheo kwa zaidi ya miaka 140 kwa kufuata bei ya sukari na maslahi ya wenye sukari, na afya ya mnywaji ikaitwa baadaye kutoa ushahidi. Watu wa Tunduma, mji wetu wa mpakani na Zambia, wataielewa historia hii upesi kuliko wa Dar es Salaam, maana tangu mwanzo ni historia ya forodha.

Mwaka 1877 kampuni ya H. W. Perot ya Baltimore, Marekani, ilikuwa inaagiza sukari kutoka nje. Serikali ikaizuia shehena yake kwa kutilia shaka usafi wake. Wakala yeyote wa forodha pale mpakani anaijua hali hiyo: mzigo umelala, gharama zinapanda, na mwenye mali anahangaika kumtafuta mtaalamu wa kumsemea. Mtaalamu aliyepatikana ni Constantin Fahlberg, mkemia mzaliwa wa Urusi aliyebobea katika mambo ya sukari. Akapewa nafasi katika maabara ya Profesa Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, apime sukari iliyogombaniwa. Kazi ilipokwisha hakuondoka. Alibaki akimsaidia Remsen kuchunguza kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe, ule uchafu mweusi unaobaki makaa yanapookwa ili kutoa gesi.

Jioni moja ya mwaka 1879 Fahlberg alikaa kula bila kunawa vizuri. Mkate ukawa mtamu kupita kiasi. Akafuta mdomo, kitambaa nacho kitamu. Akalamba kidole gumba, akaelewa. Akakimbia maabara na kuonja kila chombo kilichokuwa mezani, jambo ambalo mwalimu wa kemia angemfukuzia mwanafunzi, hadi akakipata chenye dawa. Yule aliyeletwa kuitetea sukari mbele ya forodha akawa amemzaa mshindani wake.

Remsen na Fahlberg waliandika ugunduzi huo pamoja, lakini Fahlberg akajichukulia hataza peke yake, na Remsen akabaki na kinyongo hadi uzeeni. Mwaka 1886 Fahlberg na ndugu yake Adolph List walifungua kiwanda Salbke, karibu na Magdeburg, Ujerumani. Mahali penyewe ni uchokozi mtupu: Magdeburg ndipo palipokuwa kitovu cha sukari ya viazisukari, zao lililoshika uchumi wa wakulima wakubwa wa Kijerumani, watu wenye sauti serikalini. Gramu moja ya sakarini hufanya kazi ya gramu 300 za sukari au zaidi. Maskini wa mijini wakaipenda. Wenye sukari wakaenda kwa watunga sheria.

Mwaka 1902 Ujerumani ikapitisha sheria iliyoiondoa sakarini kwenye maduka na viwanda vya vyakula na kuifungia kwenye maduka ya dawa, iwe ya wagonjwa tu. Nchi jirani nazo zikaibana. Uswisi haikuifungia, na kampuni ya Sandoz ya Basel ilikuwa inaitengeneza tangu 1899. Ni rahisi kukisia kilichofuata. Zürich ikawa makao makuu ya magendo ya sakarini. Watu walivuka mpaka wakiwa wamevaa fulana zenye vimfuko kila upande, masanduku yenye sakafu mbili, sketi zilizoshonewa siri kwa ndani. Kwa uzito mdogo wa sakarini na utamu wake mkubwa, mwanamke mmoja aliweza kupita na mzigo ambao kwa sukari ungehitaji mkokoteni. Polisi wa nchi kadhaa wakabadilishana majina ya walanguzi. Kisha vita vya 1914 vikaja, sukari ikaadimika, na Ujerumani ileile ikalegeza sheria. Dawa iliyokuwa ya kuwindwa mipakani ikakaribishwa mezani, na mwili wa binadamu ulikuwa uleule.

Niruhusiwe kukumbusha kwamba ni Ujerumani hiyohiyo iliyokubaliana na Uingereza, Julai 1890, mstari unaotugawa leo na ndugu zetu wa Nakonde, upande wa Zambia. Wanyamwanga hawakuulizwa. Tangu hapo kila kitu kinachotofautiana bei pande mbili za mstari huo hupata miguu. Sukari ya Zambia na ya Malawi imekamatwa mara nyingi mkoani kwetu, ikiwa imepita njia za panya kwa bodaboda na kwa vichwa. Kinachonichekesha, na nacheka kwa uchungu, ni kwamba kiwanda kikubwa cha Zambia kule Nakambala, viwanda vikubwa vya Malawi na kiwanda chetu cha Kilombero vyote viko chini ya jina moja la Illovo, ambalo nalo ni mali ya Associated British Foods ya London. Serikali yetu ina asilimia 25 pale Kilombero. Kijana anayelala rumande Tunduma kwa mifuko miwili ya sukari amekamatwa akishindanisha watoto wa baba mmoja. Simtetei, magendo ni magendo, na waliokuwepo mwaka 1983 wakati wa vita ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi wanakumbuka sukari iliyochimbuliwa maghalani huku kaya zikipanga foleni. Ila uhaba hauzai walanguzi peke yao. Huzaa pia vya kufidia, na hapo ndipo mteja hadanganywi na ulimi tu.

Marekani nako kisa kilikuwa cha kuchekesha. Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, mtu niliyemheshimu tangu niliposoma habari zake mara ya kwanza, alikuwa amewalisha vijana wa kujitolea vihifadhi vya vyakula kuanzia 1902 ili aone vinavyowadhuru. Mwaka 1908 alimweleza Rais Theodore Roosevelt kwamba mahindi ya kopo yenye sakarini ni ulaghai na ni hatari. Roosevelt, ambaye daktari wake alikuwa akimpa sakarini, alimjibu kwa hasira kwamba anayesema hivyo ni mjinga. Kisha akaunda jopo la kuamua. Mwenyekiti wake? Ira Remsen. Jopo likaona kiasi kidogo hakina madhara. Wiley alikosea kuhusu sumu, lakini kuhusu ulaghai alikuwa sahihi: mnunuzi aliamini anakula sukari, na hakuambiwa. Hoja hiyo ya pili ndiyo ninayoing'ang'ania mimi, na nitairudia hata wahariri wakichoka.

Hofu ya saratani ilikuja baadaye. Mwaka 1977, baada ya majaribio ya Kanada ambapo panya walilishwa sakarini hadi sehemu 5 katika 100 za chakula chao na madume wakapata uvimbe kwenye kibofu cha mkojo, Marekani ilitaka kuipiga marufuku. Wananchi wakapiga kelele, Bunge likasimamisha marufuku na kuweka onyo kwenye vifungashio. Onyo hilo lilidumu hadi mwaka 2000. Kilichogunduliwa katikati ni hiki: mkojo wa panya dume una protini na madini mengi, na sakarini nyingi ikiingia humo huzalisha chembe ngumu zinazokwaruza kibofu mwaka hadi mwaka. Mkojo wa binadamu haufanyi hivyo. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitoa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa mwaka 1999, na ndiyo maana wa Parma sasa wamepandisha kiwango.

Nafasi yangu inakwisha na bado sijafika kijiweni. Nifike.

Tuchukue kikombe cha juisi cha mililita 300 kilichokolezwa kama soda, yaani utamu wa gramu 30 za sukari. Kwa sakarini tupu utamu huo ni miligramu 100 hivi. Dereva wa lori mwenye kilo 70, aliyekaa kwenye foleni ya mpakani inayofika Mpemba, angelazimika kunywa zaidi ya vikombe sita kwa siku, kila siku, ndipo aguse kiwango kipya. Anaweza kulala bila hofu. Mtoto wa chekechea wa kilo 15 mambo yake ni tofauti: kikombe kimoja kinavuka kiwango cha zamani cha miligramu 75, na viwili vinavuka kipya cha miligramu 135. Kuvuka siku moja si kulishwa sumu, kwa sababu viwango hivi huwekwa mbali sana na dozi inayodhuru. Lakini wanaovipanga hufikiria kiwanda chenye mizani. Hawamfikirii mtu anayeuza askrimu za mfuko na juisi za rangi shuleni, aliyenunua kikolezo kisicho na jina na anayepima kwa ulimi wake. Sakarini ikizidi huwa chungu, kwa hiyo huchanganywa na siklameti ili uchungu usijulikane, na hapo hata ulimi haumsaidii. Siklameti hiyo Ulaya inaruhusiwa kwa kipimo, Marekani imezuiwa kwenye vyakula tangu 1970.

Kuhusu aspatemu nitasema machache kwa kuwa ndiyo iliyowatisha wengi Julai 2023. Shirika lile la saratani liliiweka kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni hafifu, wakati kamati ya pamoja ya FAO na WHO ikabakiza kiwango chake kilekile, miligramu 40 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 atahitaji makopo 9 hadi 14 ya soda kwa siku kukivuka. Aspatemu huvunjika kwa joto, kwa hiyo soda ya aina hiyo iliyokaa miezi juani Kamsamba itapoteza utamu kabla ya kumdhuru mtu. Wanaokatazwa kabisa ni wachache waliozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kushughulikia kiungo kimoja cha aspatemu.

La maana zaidi lilisemwa Mei 2023 na halikusikika: WHO ilishauri watu wasitumie vitamu hivi kwa lengo la kupunguza unene, kwa sababu kwa muda mrefu havionekani kuusaidia, na watumiaji wake wengi huonekana kuwa na kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo zaidi, ingawa haijathibitika kipi kimekitangulia kingine. Utafiti wa Israel wa mwaka 2022, uliohusisha watu 120, ulionyesha sakarini na sukralosi zikibadili namna miili ya baadhi yao inavyopokea sukari baada ya wiki mbili tu. Ushauri wa WHO haukuwahusu wanaoishi na kisukari tayari. Kwao kidonge cha kitamu bandia kwenye chai bado ni bora kuliko vijiko vitatu vya sukari, na asitokee jirani wa kuwatisha. Lakini kijana mzima wa Vwawa anayekunywa chupa tatu za kinywaji cha kuongeza nguvu kwa siku, akajisifu kwamba hakina sukari, aache kujidanganya. Huko ni ulevi wa utamu, na babu zetu wa Unyiha waliolima na kuvuna kwa nguvu zao wenyewe wangemshangaa.

Kwa anayetaka kuanza leo, ageuze pakiti ya juisi ya unga kabla ya kulipa. Namba 950 ni asesalfemu, 951 aspatemu, 952 siklameti, 954 sakarini, 955 sukralosi, 960 stivia. Maandishi ni madogo na mara nyingi ni ya Kiingereza, jambo ambalo nimelilalamikia humu na nitaendelea kulilalamikia hadi Shirika la Viwango litakapodai vitamu bandia viandikwe kwa Kiswahili upande wa mbele wa pakiti. Asiyeona namba yoyote wala jina la mtengenezaji, airudishe rafuni. Stivia, ambayo majirani zetu wa Kericho wamekuwa wakiilima, na kama ingestawi Mbozi kando ya kahawa, ndiyo mada ya sehemu ya tano.