Bwana Afya anatafuta nini jikoni?



Tukimwona Bwana Afya akiingia hotelini na daftari lake mkononi, wengi wetu husema moyoni, "Leo kuna mtu atatozwa faini." Mwenye hoteli hukimbilia kufunika masufuria, na wateja hutazamana. Ni mara chache tunajiuliza kazi hiyo ilianzishwa kwa lengo gani. Mwezi huu tutalijibu swali hilo kwa kuutazama mji mmoja uliojifunza jibu lake kwa gharama ya maisha ya watu wengi, yaani New York, huko Marekani.

NYUMBA MOJA, WAGONJWA ZAIDI YA 100

Katikati ya karne ya 19, daktari mmoja wa mji huo, Stephen Smith, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa taifasi, homa kali ambayo leo tunajua kuwa huenezwa na chawa. Alipolipitia daftari la hospitali, aliona kuwa wagonjwa zaidi ya 100 walitoka katika nyumba moja tu. Akaenda kuiona. Alikuta familia za wahamiaji maskini zimesongamana humo, milango na madirisha ni mabovu, na chini ya nyumba maji machafu yametuama.

Mwenye nyumba alikuwa tajiri, naye alikataa kufanya matengenezo. Polisi nao walijibu kwamba hakuna sheria ya kumlazimisha. Mwishowe daktari alipata msaada wa William Cullen Bryant, mhariri wa gazeti la Evening Post. Tajiri yule alipoona kwamba jina lake litaandikwa gazetini, ndipo alipokubali kuitengeneza nyumba.

Wapangaji wale waliokolewa kwa sababu mtu mmoja aliogopa aibu. Je, angekuwa mtu asiyeona haya? Ndiyo maana Dk. Smith na wenzake walidai sheria, na mwaka 1866 ikaundwa Bodi ya Afya yenye mamlaka juu ya New York na miji ya jirani. Mwaka huo huo kipindupindu kikaingia. Bodi ilisimamia usafi wa mitaa na kutia dawa katika nyumba za wagonjwa. Wapo waliokufa, lakini walikuwa wachache sana kuliko wale wa mwaka 1849, ambapo kipindupindu kiliua zaidi ya watu 5,000.

MALENGO YAKE

Tukiitazama kazi ya idara hiyo tangu siku zile, tunaona malengo matatu.

Kwanza, kuzuia kabla ya kutibu. Rangi za nyumba zenye madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayeokota mabanzi yake na kuyala. Mji wa New York ulipiga marufuku rangi hizo ndani ya nyumba za kuishi mwaka 1960, miaka 18 kabla ya serikali kuu ya Marekani kuchukua hatua ya namna hiyo.

Pili, kumlinda mtu asiyeweza kujikagulia. Mlaji haoni jikoni. Haoni kama kuna panya, wala kama nyama imehifadhiwa kwenye ubaridi wa kutosha. Tangu mwaka 2010, hoteli za mji huo zinapaswa kubandika mlangoni herufi kulingana na makosa yaliyokutwa na wakaguzi. Mwenye alama za makosa zisizozidi 13 hupata A. Hivyo hata mgeni anajua anaingia mahali pa namna gani.

Tatu, kufuatilia ugonjwa hadi kwenye chanzo. Lengo hili ndilo lililoleta mtihani mkubwa.

MPISHI ASIYEUMWA

Mary Mallon alikuwa mpishi mwenye asili ya Ireland. Hakuwa akiumwa, lakini watu katika nyumba alizopikia waliugua homa ya matumbo. Mwaka 1907 idara ilimkamata, na vipimo vikaonyesha kwamba alibeba viini vya ugonjwa huo. Alitengwa kisiwani hadi mwaka 1910, akaachiwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 alikutwa akipika kwa jina jingine katika hospitali ya wazazi. Watu 25 walikuwa wameugua humo, na wawili walikufa. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1938.

Tunawahurumia wale wa hospitalini. Lakini Mary naye alikuwa binadamu, na kupika ndiyo kazi aliyoijua. Wengine wengi waliobeba viini kama yeye waligunduliwa, wala hawakufungiwa maisha. Kwa hiyo kulinda umma ni wajibu, na kumtendea haki mtu mmoja ni wajibu pia.

Mamlaka hayo yana mipaka yake. Mwaka 2012 Bodi iliamua kwamba hoteli zisiuze soda katika vikombe vinavyozidi kiasi cha nusu lita hivi, ili kupunguza unene na kisukari. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo iliitengua amri hiyo, ikisema kwamba Bodi imevuka uwezo wake.

TUFANYE NINI?

Bwana Afya akija, tusimfiche kitu wala tusimpe bahasha. Anayemhonga mkaguzi anauza afya ya mteja wake, na mkaguzi anayepokea amekuwa kama polisi wale waliosema hakuna sheria. Akituambia tufunike chakula, tuchimbe choo au tumwage maji yaliyotuama, tumwombe atueleze sababu, kisha tutekeleze. Naye akituonea, tuna haki ya kulalamika kwa wakubwa wake.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba.